Barua kwa Mwanangu Mwalimu Kuhusu Vitabu Vinavyozunguka Kwenye Simu

Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata na swali lako nimelisoma kwa makini. Umenieleza kwamba katika kundi la WhatsApp la walimu wa Kiswahili imetumwa faili ya PDF ya riwaya mnayoisoma darasani, ambayo mwandishi wake yu hai, na kwamba wazazi wengi wa wanafunzi wako huko Kwale hawamudu kuinunua. Kwa kuwa nilikuwa msomaji wa prufu, yaani msahihishaji wa kurasa za majaribio kabla kitabu hakijachapwa, katika kiwanda cha uchapaji hapa Mombasa, unataka kujua kama kuna ubaya wowote wewe kuwatumia wazazi hao faili hiyo ili kila mtoto awe na kitabu.

Jawabu langu ni kwamba usiitume. Hata hivyo, sitaki tuishie hapo, kwa sababu haja yako ni ya kweli, na teknolojia iliyokuletea faili hiyo imeleta pia njia za halali za kuitimiza haja hiyo, ambazo walimu wengi bado hawajazishika.

Uliniambatishia faili yenyewe, nami nimeipitia ukurasa kwa ukurasa. Imepigwa picha kwa simu. Kidole gumba cha mpigaji kinaonekana pembeni mwa kurasa nyingi, mistari ya chini imekatwa, na ukurasa wa mwanzo wenye jina la mchapishaji, mwaka na ilani ya hakimiliki haumo kabisa. Katika sura ya nne kurasa mbili zimerukwa, na mtoto atakayefika hapo atadhani mhusika amehama mji bila sababu, kisha atakuja kuulizwa swali la mtihani juu ya sababu hiyo hiyo asiyoisoma. Wazazi wake wataamini kwamba wamempa kitabu.

Ni kweli kwamba kunakili hakugharimu chochote siku hizi. Kitabu chenyewe kinagharimu. Mswada hupita kwa mhariri anayeurudisha kwa mwandishi mara kadhaa, kisha kwa mpangaji wa kurasa, kwa mchoraji wa jalada na kwa msomaji wa prufu. Kazi yangu ilikuwa kuweka rula chini ya kila mstari huku mwenzangu akinisomea mswada kwa sauti, pamoja na nukta na mikato yake yote, kwa sababu jicho likishaizoea hadithi huliona neno zima hata pale ambapo herufi imedondoka. Hayo yote hulipwa kabla ya nakala ya kwanza kuuzwa. Mwandishi naye husubiri mrabaha, yaani fungu lake la mauzo, ambao kwa kawaida hukaribia asilimia 10 hadi 15, na kwa mwandishi wa Kiswahili mnunuzi mkuu ni shule. Mwalimu akigawa faili kwa darasa zima, amemwondolea mwandishi soko lake lote la mahali hapo, na sijui ni nani tunayemtarajia atuandikie riwaya ijayo. (Bei ya kitabu nayo imeongezwa mzigo tangu 2013, vitabu vilipotozwa kodi ya thamani ya asilimia 16. Kwa maoni yangu kodi hiyo ingeondolewa kesho, na walimu wangekuwa wa kwanza kuidai.)

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Haikufungi mikono, kwani inaruhusu kazi itumiwe kwa kiasi cha haki kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, uhakiki na matumizi ya mtu binafsi, na inakubali sehemu fupi za kazi ziingizwe katika mkusanyo wa shule, mradi mwenye kazi atajwe. Kwa hiyo aya mbili tatu unazotaka kuzichambua darasani unaweza kuziandika ubaoni au kuzituma kwa simu pamoja na jina la mwandishi bila wasiwasi. Kitabu kizima ni jambo jingine.

Najua utaniambia kwamba shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020, hadi zilipofunguliwa kwa madarasa yote Januari 2021, simu ndiyo iliyokuwa darasa. Ni kweli, na walimu waliokesha usiku wakituma mazoezi kwa watoto wa watu wanastahili shukrani zetu. Lakini naona kwamba ndipo wengi walipozoea kutuma lolote lililowafikia bila kuuliza limetoka wapi. Dharura ilikwisha, mazoea yakabaki.

Sasa sikiliza unachoweza kufanya. Kwanza, mwandikie mchapishaji kwa jina la shule, ueleze idadi ya wanafunzi na hali ya wazazi, uulize kama anauza nakala za kidijitali au kama atapunguza bei kwa ununuzi wa pamoja. Wakati unasubiri jibu, nakala moja iliyonunuliwa na kusomwa kwa sauti darasani, kila mwanafunzi kwa zamu yake, itawafundisha matamshi na vituo zaidi kuliko faili iliyokatwa mistari.

Pili, zipo kazi ambazo hazina tena mwenye kuzidai. Muyaka bin Haji, malenga wa mji wetu huu, alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki vifuani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kumpa mmishonari Mwingereza William Taylor, na leo miswada hiyo imo katika maktaba ya chuo kikuu cha SOAS huko London. Diwani yake ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940. Fikiria, mwanangu: mtoto wa Kibokoni alihitaji safari ya ndege kuuona mwandiko wa mashairi ya babu zake, na sasa maktaba hiyo imeweka sehemu kubwa ya miswada yake ya Kiswahili kwenye intaneti. Mashairi yenyewe yagawe upendavyo. Angalia tu kwamba maelezo na tafsiri za wahariri wa karne iliyopita huenda bado zina wenyewe, basi usizinakili pamoja nayo. Ufafanuzi uandike wewe.

Tatu, na hili ndilo ninalolitilia mkazo zaidi, kuna waandishi wanaotoa kazi zao kwa hiari chini ya leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002. Mwandishi husema wazi kwamba kazi yake inaweza kunakiliwa na kugawiwa, kwa sharti la kutaja jina lake. Wengine huongeza kwamba isiuzwe. African Storybook, mradi wa taasisi ya elimu ya Saide ya Afrika Kusini, umekusanya kwa njia hiyo hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Hadithi hizo unaweza kuzipakua mara moja mahali penye mtandao, ukazichapisha au ukazisoma baadaye bila bando. Ni za watoto wadogo kuliko wanafunzi wako, lakini wanafunzi wako wanaweza kuziandika na kuzitafsiri.

Hapo ndipo ningependa kundi lenu la walimu lielekee. Tangu kebo za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilipotua hapa Mombasa mwaka 2009, tumekuwa hodari wa kupokea na kupitisha, ilhali walimu thelathini wa Kiswahili katika kundi moja wanatosha kuwa ofisi nzima ya uhariri. Mmoja anaandika hadithi fupi, wa pili anaisahihisha, wa tatu anatunga maswali, kisha inatolewa kwa leseni huria yenye majina yao. Hakuna mzazi atakayedaiwa shilingi, na hakuna mwandishi atakayeibiwa.

Katika kundi, usimuaibishe aliyetuma faili ile. Mwandikie faraghani, umweleze kuhusu kurasa zilizorukwa na mwandishi aliye hai, umwombe aiondoe, kisha utume kundini shairi moja la Muyaka na ufafanuzi wako. Hadithi ya kwanza mtakayoandika nitumieni mimi kabla haijatoka. Miwani ninayo, rula ninayo, na kazi hiyo nitaifanya bila malipo.

Wasalaam,
Mamako