Homa ya ini ya ujanani na dripu ya saratani

SWALI: Ndugu mfamasia, nimegundulika kuwa na limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu, na nilitakiwa kuanza rituksimabu, dawa yake ya dripu. Daktari amezuia dripu ya kwanza mpaka aone majibu ya homa ya ini B. Ugonjwa huo niliugua nikiwa kijana, nikapona, na baadaye nikaambiwa damu yangu ni safi. Sasa anatafuta nini?

JIBU: Anatafuta kirusi kilichojificha. Angeniletea cheti cha dawa hiyo bila majibu hayo, ningemrudishia.

Damu ikiwa safi, ini huenda si safi. Kirusi cha homa ya ini B huacha vinasaba vyake ndani ya kiini cha seli za ini, navyo hukaa humo miaka na miaka. Kinga yako haikukitoa. Inakikalia chonjo tu. Rituksimabu huua seli B (chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili), zenye saratani na zisizo nayo, na ulinzi ule hulegea. Kirusi huanza kujizalisha kimyakimya. Kinga ikirejea, huzivamia kwa wingi seli za ini zilizoambukizwa, na hapo ndipo ini huharibika, pengine hadi kufa. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka hatari hii kwenye onyo lake la ngazi ya juu kabisa.

Hakikisha vinapimwa vitu viwili: ganda la kirusi, na kingamwili dhidi ya kiini chake. Hicho cha pili ndicho hufichua maambukizi ya zamani. Chanjo peke yake haikileti.

Kikionekana, usiikatae rituksimabu. Utapewa entekaviri au tenofoviri, vidonge vya kukizuia kirusi, kabla ya dripu, na utaendelea nayo angalau mwaka mzima baada ya dripu ya mwisho. Hapa ndipo ninapogombana na wagonjwa dirishani: saratani imetulia, mwili una nguvu, wanaacha vidonge. Kumbe seli B bado hazijarudi sawasawa.

  

Ukianza matibabu, macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama dripu zilikwisha miezi iliyopita.