Ndizi mbichi, kabichi na shubiri kwa vidonda vya tumbo: majibu ya niliyeugua

Mkuu uliyeuliza kama ndizi mbichi, kabichi na shubiri zinaponya vidonda vya tumbo au ni maneno ya wauza dawa wenye spika, nakujibu mimi niliyeugua nikapona, nipo hapa Kirumba, Mwanza. Mimea ina dawa ndani yake, hilo nalisimamia. Ila kupona kabisa kunategemea nini kimekuletea kidonda.

Nianze na ndizi. Mama yangu ni mtu wa Bukoba. Alikuwa anazimenya zikiwa mbichi kabisa, anakata vipande vyembamba, anavianika juu ya bati mpaka vinakatika kwa vidole, ndipo anatwanga. Unga unatoka wa kijivu, na uji wake una ukakasi unaobaki ulimini. Nikinywa, kile kichomi cha chembe cha moyo kinatulia mpaka mchana. Baadaye nikasoma kwamba ndizi mbichi ina kemikali inayoitwa lukosianidini, na kwamba kwenye majaribio ya panya ilikinga ukuta wa tumbo usichubuliwe na aspirini. Kwa hiyo mama hakuwa anabahatisha.

Kabichi nayo ina historia. Mwaka 1949 Dk. Garnett Cheney wa Marekani aliandika kuhusu wagonjwa 13 aliowanywesha juisi ya kabichi mbichi, akasema walipona haraka. Lakini ni watu 13 tu, bila kundi la kulinganisha nao. Shubiri uwe nayo makini: utomvu wa njano ulio chini ya ganda una aloini, unaharisha vibaya.

Na usidhani cha mmea hakina madhara. Mzizi wa licorice, mmea wenye mzizi mtamu, ndio uliozaa kabenoksoloni, dawa ya vidonda iliyotumika Uingereza. Ilisaidia, lakini ilipandisha presha na kushusha potasiamu mwilini.

Sasa kiini chenyewe. Pamoja na uji wote ule, maumivu yalikuwa yanarudi usiku wa manane. Nikapima choo, akaonekana mdudu, yaani bakteria Helicobacter pylori anayeleta vidonda vya tumbo. Mdudu huyu ndiye ambaye daktari Barry Marshall wa Australia alimnywa yeye mwenyewe mwaka 1984, akapata uvimbe wa tumbo, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kumgundua. Salforafani, kemikali iliyo kwenye brokoli, inamuua maabarani, ila kwa watu waliokula machipukizi yake alipungua tu, hakuisha. Mimi zilizonimalizia huyo mdudu ni antibayotiki mbili pamoja na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, siku 14 bila kuruka dozi. Uji niliendelea nao kama chakula.

Kuna na wengine hawana mdudu kabisa. Wabeba mizigo wa pale sokoni Mwaloni wanameza diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo yenyewe inaweza kuleta vidonda vya tumbo, kila jioni kwa ajili ya mgongo, halafu wanatafuta mizizi ya tumbo. Ndugu zangu, hapo muulizeni daktari dawa nyingine ya mgongo kwanza.

Ukiona choo cheusi kama lami au ukitapika damu, usinywe uji wala juisi, nenda hospitali, Bugando au Sekou Toure, saa hiyohiyo. Na ukimaliza dozi, rudia kipimo baada ya wiki 4 au zaidi, omeprazoli ukiwa umeiacha angalau wiki 2, maana ikiwa bado mwilini kipimo kinaweza kusema mdudu hayupo na kumbe yupo.