Mi ningeanza na zebra ya watoto

Mmeuliza wiki hii, ukipewa uwezo wa kutengeneza kitu kimoja tu kwenye barabara za Dar utaanza na kipi. Najua wengi mtasema flaiova au mabasi ya mwendokasi yafike kwenu, mi nasema zebra, kile kivuko cha waenda kwa miguu, ila sio ya rangi tupu, zebra iliyopandishwa juu ya tuta, kila shule ya msingi ambayo watoto wake wanavuka barabara kubwa.

Nakaa Buguruni, binti yangu yuko darasa la tatu na shule iko ng'ambo ya barabara ya Mandela. Mnaijua Mandela, malori ya bandarini hayalali. Zebra ipo lakini rangi imefutika na saa 12 asubuhi bado kagiza hata mimi naitafuta kwa macho. Mwezi uliopita namvusha yeye na wenzake wawili, lori likasimama, dereva akatupungia tupite, tukaingia, kumbe daladala inakuja kasi upande wa pili wa lori, sisi hatuioni na dereva wake naye hatuoni sisi. Niliwavuta nyuma kwa mabegi. Kiatu cha mtoto mmoja kikabaki katikati ya barabara, tukakaa pembeni tunakiangalia magari yanakipitia juu moja baada ya jingine, yule mtoto hakulia, alininyamazia tu kanishika kidole.

Yule wa lori alikuwa muungwana kabisa na bado tulikoswakoswa, na hapo ndo nikaelewa kwamba uungwana wa dereva mmoja hautoshi. Zebra ya rangi inamwomba dereva, tuta halimwombi mtu. Kwenye makazi sheria inasema mwisho spidi kilomita 50 kwa saa, sasa gari ya 50 inakula karibu mita 14 kila sekunde, yani kabla mguu haujafika kwenye breki ishamfikia mtoto. Ya 30 inakula mita 8 na kidogo, hapo mtoto ana nafasi ya kurudi nyuma na hata akigongwa ana nafasi ya kupona.

Na wala sio kitu cha kuagiza Ulaya, kimeshafanyika hapa hapa. Shirika la usalama barabarani la Amend lina mradi unaoitwa SARSAI, wanaenda kwenye shule ambazo watoto wanagongwa sana, wanaweka matuta, zebra, njia ya miguu, vizuizi vya kuzuia magari yasipande kwa watoto, na mwaka 2019 kwa kazi iliyoanzia Dar wakachukua tuzo ya kimataifa ya miji, WRI Ross Prize for Cities. Vitu vidogo vidogo vile! Kwa nini tusiende nayo shule zote?

Kuna watu wataniambia jenga daraja la juu. Jamani, mama ana mtoto mgongoni na ndoo ya samaki kichwani apande zile ngazi zote? Na mwenye magongo je, na yule anayeuza mkaa kwa baiskeli? Gari ndo lipunguze mwendo.

Hata nyie wa mwendokasi linawahusu, vituo vyenu vingi viko katikati ya barabara, kabla hujawa abiria unakuwa mvuka barabara kwanza. Na watoto wengi wanatembea kwa sababu makonda wa daladala hawataki mwanafunzi wa nauli ndogo, wanamwona anakula siti ya mtu mzima, basi mtoto anasukumwa chini anaenda kwa mguu pembeni ya mtaro huku bodaboda wanapita hapo hapo wakikwepa foleni.

Siku hizi saa 12 na robo nipo pale na kitenge chekundu nakipunga, nilianza na watoto watatu sasa wanafika kumi na kitu, muuza vitumbua wa pale ananisaidia upande wa pili. Jumatatu wakaja wazazi wengine wawili. Ila mi saa 1 na nusu natakiwa niwe kazini Posta, na siku nikiugua sijui nani atashika kile kitenge.