Mchezaji wa kawaida anaweza kuwa kocha mkubwa: namjibu mleta mada kwa mfano wa Unai Emery

Ndugu mleta mada ameeleza kwamba mdogo wake ana miaka 31, amecheza winga katika madaraja ya chini bila kufika Ligi Kuu, goti limemwisha, na sasa viongozi wa timu yake wamemwomba aifundishe hadi msimu umalizike; anauliza kama mchezaji wa kawaida kama huyo anaweza kuwa kocha mzuri. Wachangiaji kadhaa wametangulia kumwambia kwamba asijisumbue, kwa kuwa wachezaji hawamsikilizi mwalimu ambaye hakuwahi kuwa nyota. Naomba nipingane nao kwa heshima, na nitapingana nao kwa mambo mawili: maisha ya mpira ya kocha Mhispania Unai Emery, ambayo nimeyafuatilia kwa zaidi ya miaka kumi, na yale yaliyonipata mimi mwenyewe, kwa sababu nilisimama mahali hapohapo anaposimama kijana huyo leo.

Emery alizaliwa Novemba 1971 katika mji wa Hondarribia, kwenye nchi ya Wabasque, karibu kabisa na mpaka wa Hispania na Ufaransa. Kwao ni nyumba ya makipa. Babu yake, Antonio Emery, alikuwa golini mwa Real Unión ya Irun iliyotwaa Kombe la Mfalme mwaka 1924 na 1927, na ndiye kipa aliyefungwa bao la kwanza kabisa katika historia ya La Liga, Februari 1929. Baba yake naye alikuwa kipa. Unai hakurithi glovu, akawa kiungo wa pembeni mwenye mguu wa kushoto, akakulia Real Sociedad, na alipopandishwa timu ya wakubwa akacheza mechi 5 tu za ligi na kufunga bao 1 katika msimu wa 1995/96. Baada ya hapo maisha yake ya uchezaji yakawa Toledo, Racing de Ferrol, Leganés na mwisho Lorca, yaani daraja la pili na la tatu, mabasi ya safari ndefu, viwanja vyenye watazamaji wachache na mikataba mifupi.

Wengi huipita sehemu hii ya historia yake haraka ili wafike kwenye makombe. Mimi naona jibu la swali lako, mleta mada, limelala hapa. Mchezaji wa kiwango cha kati anayetaka kuendelea kula kwa mguu wake hana budi kuuelewa mchezo kuliko mwenye kipaji, kwa kuwa kosa moja la kusimama vibaya humtoa kikosini, ilhali nyota husamehewa makosa matatu kwa bao moja. Anayekaa benchi wiki nyingi hujifunza kuitazama mechi yote badala ya kuutazama mpira peke yake. Anamjua mwenzake asiyepangwa, anajua kile kinachosemwa mwalimu akishatoka chumbani, na anajua ni maneno gani ya kocha yanayoingia moyoni na ni yapi yanayoishia mlangoni.

Emery alipata nafasi yake akiwa bado mchezaji. Msimu wa 2004/05, Lorca ikiwa daraja la tatu, alikuwa na jeraha la goti, timu ikaachana na kocha wake katikati ya msimu, na uongozi ukamwomba yeye ashike timu. Alikuwa na miaka 33. Waliokuwa wakibadilisha nguo pamoja naye wakawa wachezaji wake. Mwisho wa msimu Lorca ilipanda daraja, na mechi za mwisho za kuwania kupanda ilizicheza dhidi ya Real Unión, timu ileile ya babu yake. Msimu uliofuata, katika daraja la pili, klabu hiyo ndogo ikamaliza nafasi ya 5. Kisha akaenda Almería, akaipandisha La Liga mwaka 2007, na katika msimu wake wa kwanza kule juu timu ikashika nafasi ya 8. Kwa miaka mitatu na nusu mtu asiye na jina alipanda kutoka daraja la tatu hadi ukocha wa Valencia, na hakukuwa na picha ya ubingwa wa dunia ukutani mwake ya kuwanyamazisha wachezaji.

Sasa nieleze yangu. Nilicheza winga ya kushoto katika timu moja ya mkoa wa Morogoro, Ligi Daraja la Pili, hadi mwaka 2009, goti lilipopinda kwenye uwanja mkavu dakika chache kabla ya kipenga cha mwisho. Klabu haikunitibu, na jina lake sitalitaja. Nilijiuguza kwa msaada wa ndugu. Mwaka 2011 mwalimu wa timu nyingine ya jirani, ambayo wachezaji wake saba nilikuwa nimecheza nao, aliondoka katikati ya msimu, nikaitwa. Mazoezi ya siku ya kwanza nilifika na ubao niliouchonga mwenyewe kutokana na kipande cha mbao laini, na vizibo vya soda ndio walikuwa wachezaji: vyekundu timu yetu, vya njano wapinzani. Nilizungumza dakika arobaini huku jua likiwachoma. Nilipoinua macho, beki wangu wa kati, rafiki yangu tuliyelala naye chumba kimoja safarini, alikuwa anafunga na kufungua kamba za kiatu chake, kufunga na kufungua, bila kutazama ubao hata kidogo. Tulipoteza mechi tatu mfululizo. Wote waliendelea kuniita kwa jina la utani la uwanjani, na hakuna aliyeniita mwalimu.

Kipindi hicho Emery alikuwa Valencia, na nilianza kumfuatilia kwa sababu niliona timu inayouza wachezaji wake bora kila mwaka lakini haiporomoki. Majira ya joto ya mwaka 2010 waliondoka David Villa na David Silva kwa mara moja. Mwaka uliofuata akaondoka Juan Mata. Valencia ilikuwa na madeni makubwa na haikuwa na namna. Pamoja na hayo ilimaliza nafasi ya 3 mwaka 2010, ikamaliza ya 3 mwaka 2011, na ya 3 tena mwaka 2012, nyuma ya Barcelona na Real Madrid za miaka ile, ambazo hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuzifikia. Nilisoma pia habari za video zake: kila mchezaji hupewa vipande vya winga au beki atakayekabiliana naye, akatazame mguu anaoupenda, upande anaogeukia, mahali anaposimama wakati wa kona. Joaquín, winga aliyekuwa naye pale, aliwahi kuwachekesha watu kwa kusimulia wingi wa video hizo. Mimi nilichokipata humo ni kwamba Emery hamwambii mchezaji mambo yote. Anamwambia yanayomhusu yeye, kesho, dhidi ya mtu fulani.

Nikaacha hotuba za dakika arobaini. Nikanunua daftari, nikaanza kwenda kuwatazama wapinzani wetu siku zao za mechi, na siku moja kabla ya mchezo nilimwita kila mchezaji pembeni kwa dakika mbili. Yule beki wa kati nilimwambia jambo moja tu: mshambuliaji wa kesho hukimbilia nguzo ya karibu kila kona inapopigwa kutoka kulia, usimfuate, tangulia. Kesho yake kona ya kwanza ikapigwa, akatangulia, akaupiga kichwa mpira ukatoka, akageuka akanitazama. Kuanzia wiki ile ndiye alikuwa wa kwanza kuniita mwalimu, na wenzake wakamfuata.

Usiku wa Mei 1, 2014 nilikuwa kwenye kibanda umiza, mechi imeanza saa nne usiku kwa saa zetu. Emery alikuwa Sevilla tangu Januari 2013, na nusu fainali ya Ligi ya Europa ilimrudisha Valencia, timu yake ya zamani. Mechi ya kwanza Sevilla ilishinda 2-0, lakini katika marudiano ilikuwa imefungwa 3-0 na muda wa nyongeza ulikuwa unayoyoma. Watu wengi walishasimama kuelekea mlangoni. Dakika ya 94 ukaja mpira mrefu wa kurusha kutoka pembeni, beki wa Sevilla, Fazio, akauparaza kwa kichwa, Stéphane M'Bia wa Cameroon akaingia kwa nyuma na kuumalizia kwa kichwa. Matokeo yakawa 3-1, jumla 3-3, na bao la ugenini, ambalo enzi hizo ndilo lililoamua jumla ikilingana, likaipeleka Sevilla fainali. Nilichokishangilia, ndugu zangu, ni mpira wa kurusha. Timu iliyokuwa imekata tamaa ingeurusha ovyo ndani ya boksi. Hawa kila mmoja alijua anakwenda wapi, nani wa kugusa kwanza na nani wa kumalizia. Sevilla ikaifunga Benfica kwa mikwaju ya penalti pale Turin, mwaka 2015 ikaifunga Dnipro 3-2 Warsaw, na mwaka 2016 ikatoka nyuma ikaifunga Liverpool 3-1 Basel. Makombe matatu mfululizo ya mashindano yaleyale.

Kwenye kipindi chake Paris Saint-Germain sitakaa sana. Aliifunga Barcelona 4-0, akafungwa 6-1 Machi 8, 2017, na mechi hiyo itaandikwa karibu na jina lake daima, ingawa msimu wa pili alitwaa ligi na makombe yote mawili ya ndani. Kwa maoni yangu pale alikutana na wachezaji ambao jina lao lilikuwa kubwa kuliko ubao wake, na hapa wachangiaji waliotangulia wana ukweli kiasi: zipo timu chache duniani ambako kukosa jina la uchezaji kunamgharimu mwalimu. Lakini timu ya mdogo wako si mojawapo.

Arsenal ndiyo iliyowagusa wengi wetu, maana Afrika Mashariki imejaa mashabiki wake, na alifika mwaka 2018, mwaka uleule jezi ilipoanza kubeba maneno ya kuitangaza Rwanda kwenye mkono. Alirithi kiti cha Arsène Wenger baada ya miaka 22, akacheza mechi 22 mfululizo bila kufungwa, akamaliza ligi nafasi ya 5 akiwa na pointi 70, moja pungufu ya Tottenham waliokuwa wa 4, akafika fainali ya Ligi ya Europa Baku na kufungwa 4-1 na Chelsea. Novemba 2019 akafukuzwa. Kilichoniuma zaidi ni namna watu walivyoidhihaki lafudhi yake ya Kiingereza. Mtu aliyejifunza lugha ukubwani ili azungumze na wachezaji wake bila mkalimani alistahili heshima, na sisi tunaojua maana ya kuhojiwa kwa lugha isiyo ya mama tulipaswa kuwa wa mwisho kumcheka.

Tazama alichofanya baadaye. Alirudi Hispania, akachukua Villarreal, klabu ya mji wenye watu 50,000 hivi ambayo haikuwahi kutwaa kombe kubwa, na mwaka 2021 akaitoa Arsenal yenyewe katika nusu fainali ya Ligi ya Europa. Fainali ya Gdańsk dhidi ya Manchester United iliisha 1-1, penalti zikapigwa 20 bila kukosa hata moja, hadi makipa wakalazimika kupiga: Rulli wa Villarreal akafunga, kisha akadaka ya De Gea wa United, 11-10. Mwaka uliofuata timu hiyohiyo iliitoa Juventus na Bayern na kufika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa.

Aston Villa ni timu ambayo Watanzania wengi waliijua Januari 2020 kwa sababu ya Mbwana Samatta, aliyeifungia hata kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Emery aliikuta mwishoni mwa 2022 ikiwa pointi chache tu juu ya mstari wa kushuka daraja. Mechi yake ya kwanza aliifunga Manchester United 3-1, msimu ukaisha wakiwa wa 7, na mwaka 2024 wakamaliza wa 4, wakarudi kwenye kombe kubwa la Ulaya kwa mara ya kwanza tangu miaka ya themanini. Ukitaka kuona kazi yake, usiufuate mpira, tazama mabeki wake wanne: wanapanda kwa pamoja kana kwamba wamefungwa kamba moja, na washambuliaji wa wapinzani wanabaki wameotea. Jambo hilo halifundishwi kwa hotuba, hufundishwa kwa kurudiwa kila asubuhi hadi miguu ikariri.

Umeuliza pia kama mdogo wako akubali kufundisha wenzake wa jana au aombe timu nyingine asikojulikana. Mimi ningemwambia akubali, kwa sharti moja la kwake mwenyewe: aache siku hiyohiyo kukaa nao kwenye kijiwe baada ya mazoezi, ajiandikishe kozi ya awali ya ukocha mara itakapotangazwa mkoani kwake, na Jumapili hii aende kumtazama mpinzani wao anayefuata akiwa na daftari, akae nyuma ya goli, maana hapo ndipo mstari wa mabeki unapoonekana vizuri.