Picha za nyumba ya wageni zinatoka giza na njano? Anza na swichi ya taa

Mkuu mleta uzi, nimekuelewa: nyumba ya likizo ni safi, kitanda kipya, mapazia mapya, ila kwenye picha chumba kinaonekana kama stoo. Kuta njano, pembe nyeusi, dirisha limegeuka doa jeupe. Sasa unauliza ununue flashi au uongeze mapambo. Mimi napangisha nyumba kwa wageni wa likizo na huwa nawapigia picha wenye nyumba wengine, kwa hiyo nakujibu kwa nilichokiona kwa macho: usinunue kitu bado. Zima taa ya dari, fungua pazia, halafu piga tena.

Najua waliotangulia wamekushauri uwashe taa zote ili chumba kichangamke. Mchana mimi sikubaliani nao. Ukiwa ndani ya chumba, macho yanajirekebisha yenyewe na ukuta mweupe unauona mweupe, ila kamera haina ujanja huo. Balbu ya mwanga wa njano ina kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga, kifupi chake K) 2700 hivi, na mwanga wa mchana unaoingia dirishani unakaribia 5500 au kuzidi. Kamera inalazimika kufuata mmoja. Ikifuata balbu, sehemu ya dirishani inakuwa ya buluu. Ikifuata dirisha, ukuta ulio karibu na taa unakuwa wa chungwa. Kama huamini, chukua karatasi nyeupe, ikunje katikati, isimamishe kitandani, upande mmoja utazame dirisha na mwingine utazame taa, kisha ipige picha. Upande mmoja utatoka na ubuluu na wa pili na uchungwa, wakati karatasi ni ile ile moja. Shuka zako na kuta zako zinapata hayo hayo, na kwenye kuhariri hutoki salama, maana ukipunguza njano upande huu, buluu inazidi upande ule.

Taa zina wakati wake. Jioni, kuanzia kama dakika 15 baada ya jua kuzama, anga bado ina rangi na taa za ndani zinaonekana vizuri kupitia madirishani. Hapo washa zote, toka nje, piga picha ya nyumba kwa mbele au ya baraza. Wakati huo ni mfupi, kwa hiyo kamera iwe imeshasimamishwa mapema. Sharti ni balbu zote ziwe za rangi moja: namba imeandikwa kwenye boksi na herufi K, nami nachagua 2700 au 3000 kwa vyumba vya kulala na sebule. Nyeupe moja na njano moja kwenye chumba kimoja ni kero hata kwa mgeni aliyelala humo. Boksi likitaja CRI, yaani alama ya jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi, tafuta 90 kwenda juu, maana rangi za vitambaa na mbao zinatoka karibu na zilivyo.

Saa ya kupiga inategemea dirisha linatazama wapi. Chumba cha mashariki usikipige asubuhi jua likiwa linaingia moja kwa moja. Utapata mistari mikali sakafuni na giza kila mahali pengine. Ngoja jua livuke upande wa pili. Chumba cha magharibi kipige asubuhi. Siku ya mawingu mepesi unaweza kuzunguka nyumba nzima bila haraka, na wengi wanaahirisha siku hiyo hiyo wakidhani jua kali ndilo zuri! Pazia zito livute hadi liachie kioo chote, pazia jepesi jeupe liache limeshuka, litausambaza mwanga na kuficha ukuta wa jirani kama upo.

Kuhusu doa jeupe la dirisha: usisimame ukilitazama uso kwa uso. Simama ubavuni mwake, mwanga uingie kutoka kushoto au kulia kwako. Ndipo blanketi linaonyesha unene wake na kiti kinatoa kivuli laini. Kama mandhari ya nje ndiyo inayouza nyumba, weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, piga picha tatu bila kuigusa: moja ya kawaida, moja ya giza zaidi, moja angavu zaidi, kisha ziunganishe. Simu nyingi zinafanya hivyo zenyewe kwa mpangilio wa kamera unaoitwa HDR. Usizidishe tu, nje kukiwa na mwanga sawasawa na ndani, picha inanuka uongo.

Flashi ya simu isahau. Ya kamera inafaa ukiielekeza kwenye dari nyeupe. Dari ya mbao itakurudishia mwanga wa kahawia.

Bafu lisilo na dirisha ndipo pekee ninapowasha taa mchana, na mlango naufunga ili mwanga wa nje usiingie kuchanganya. Ukiona michirizi ya giza imekatiza picha, ni LED inayopepesa kwa kasi ambayo jicho haliioni. Shusha kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) hadi 1/50 au 1/60 ya sekunde, kulingana na umeme wa mahali ulipo ni wa hezi 50 au 60, na tumia stendi. Kioo kikague kabla ya kubonyeza, maana wapiga picha wengi wamo humo wameinama na simu.

Sasa lenzi. Ile ya 0.5 ya simu inatamanisha kwa kuwa inaingiza chumba kizima, ila kitu kilicho ukingoni inakivuta: kitanda cha kawaida kinakuwa kirefu mno. Mgeni akifika anakuta chumba kimesinyaa, na hilo ndilo atakaloandika kwenye maoni yake. Tumia lenzi ya kawaida, rudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta, au simama mlangoni. Kamera ikae usawa wa kifua, chumba cha kulala ishuke kidogo zaidi, na usiiinamishe wala kuiinua: washa gridi (mistari ya kupimia kwenye skrini), hakikisha mlango na pembe za kuta vimesimama wima.

Mapambo nimeyaacha nyuma makusudi, kwa sababu kazi kubwa hapo ni kuondoa. Waya za chaja, rimoti, ndoo ya taka, chupa ya sabuni iliyobaki nusu, sumaku za friji, taulo la kwako. Kifuniko cha choo kishuke. Juu ya meza kitu kimoja kinatosha, na kiwe kitu ambacho mgeni atakikuta kweli. Kupamba kwa maua ya siku moja tu, mimi nakuona ni kujitafutia lawama.

Kitanda ndicho cha kukipa muda. Shuka iliyotoka kabatini ina mikunjo ya mraba, na ule mwanga wa pembeni niliousifia unaionyesha yote. Itandike kwanza, ivute chini ya godoro hadi ikaze, inyunyizie maji kidogo, halafu piga pasi ikiwa hapo hapo kitandani, hasa upande wa kamera na ule ukingo unaoning'inia. Mdomo wa foronya usitazame kamera. Mito miwili kwa kila mlalaji yatosha. Kile kilima cha mito midogo mgeni anakitupa sakafuni usiku wa kwanza. Shuka nyeupe zinakusaidia zaidi kuliko unavyodhani, kwani zinarudisha mwanga chumbani, wakati ukuta wa rangi kali ulio karibu nazo unazipaka rangi yake. Ukiona shuka zimekuwa za kijani, angalia ukuta kabla ya kulaumu kamera.

Picha ya kwanza kwenye tangazo iwe ya mlalo (upana uzidi urefu) na ieleweke hata ikiwa ndogo, kwa hiyo kabla ya kuipandisha ipunguze hadi upana wa kidole gumba uone kama bado inasomeka. Futa lenzi ya simu kwa kitambaa laini kabla hujaanza, ukungu mwingi unaolalamikiwa ni mafuta ya vidole. Halafu tupia humu picha mpya ya kile chumba, utaje na dirisha linatazama upande gani, tukuambie cha kurekebisha.