Paka koko ana mimba: maswali yenu ya wiki hii

Paka asiye na mwenyewe ameanza kulala stoo yetu ya kuni. Tumbo limeshuka, chuchu zimewiva. Nimsaidieje? – Nyalenda, Kisumu

Kwanza mwache kumshikashika. Mimba ya paka huchukua kama siku 63 hadi 67, na tumbo likishaonekana hivyo amevuka nusu. Tafuta katoni, kata ubavu mmoja, tandika matambara, uiweke penye giza mbali na mbwa na watoto. Akiikataa na kujichagulia kona yake, msimhamishe. Mpeni chakula mara mbili au tatu kwa siku, na nyinyi wa Kisumu hamna kisingizio: omena iliyochemshwa bila chumvi, au nyama ya mgongo wazi (mabaki ya samaki mbuta aliyetolewa minofu) iliyochambuliwa miiba. Ugali mtupu haumfai. Paka ni mla nyama. Maji safi yasikosekane.

Nimpe maziwa apate nguvu? – Bungoma

Hapana. Paka wakubwa wengi huharisha wakinywa maziwa ya ng'ombe. Nimelijibu hili mpaka nimechoka.

Mke wangu ni mjamzito. Mama mkwe anataka paka afukuzwe. – Kakamega

Mama mkwe hakukosea kabisa, ila amemkamata mshukiwa mmoja na kuwaachilia wengine. Kimelea cha toksoplazima hutoka kwenye kinyesi cha paka aliyeambukizwa, na kinaweza kudhuru mimba. Lakini kinyesi hicho hakiambukizi papo hapo. Huchukua siku moja hadi tano. Basi wewe baba ndiye utakayezoa kila siku, kwa glavu, kisha unawe kwa sabuni. Mkeo asilime sukumawiki mikono mitupu, aoshe mboga vizuri, na nyama choma yenye damu aiache: huko nako kimelea kinapatikana. Mengine aulize kliniki ya wajawazito.

Anasukuma tangu adhuhuri na hakuna kilichotoka. – Kondele

Na wewe ukakaa chini kuniandikia? Paka akisukuma kwa nguvu nusu saa hadi saa moja bila mtoto kutoka, apelekwe kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Usivute kwa mkono. Wala usimpe parasetamoli ya kutuliza uchungu. Kibao kimoja kinaweza kumuua.

Paka wa ploti yetu anazaa kila mara. Watoto tunawaacha sokoni. Tufanyeje zaidi? – Free Area, Nakuru

Zaidi ya hapo? Mtoto wa paka wa wiki tatu hajui kuwinda, anajua kunyonya tu. Mkimwacha sokoni mmemuua, ila hamkutaka kushuhudia. Na mama yake anaweza kushika mimba nyingine angali ananyonyesha, huku binti zake wakianza kuingia joto wakiwa na miezi minne au mitano. Hesabu hiyo fanyeni wenyewe.

Subirini watoto wafike wiki nane na wale wenyewe, ndipo muwatafutie makao. Mama naye ahasiwe maziwa yakishakauka. Zile hadithi za kwamba lazima azae mara moja kwanza hazina faida yoyote kwake. Akihasiwa mapema hata hatari ya uvimbe wa matiti hupungua. Na shume je? Kila mtu analaumu jike, ilhali dume huhasiwa kwa urahisi zaidi maana hapasuliwi tumbo. Nyinyi wa Nakuru mna Egerton pale Njoro inayofundisha udaktari wa mifugo, nendeni mkaulize. Gharama mchange. Panya wakipungua ploti nzima inafurahi, ila bili ikija kila mpangaji anasema paka si wake.

Ana viroboto na ananyonyesha. Nimpake dawa ya kupe ya ng'ombe? – Webuye

Usithubutu! Atailamba, na watoto watainyonya. Tumia kitana chenye meno ya karibu, viroboto uwazamishe kwenye maji ya sabuni, na matambara ubadilishe mara kwa mara.

Nilipogusa watoto wake aliniuma kidole. Kidonda ni kidogo, spiriti inatosha? – Manyatta

Haitoshi. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali leo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu paka pia huambukiza. Usingoje kuona kama paka ataugua. Dalili zikishaanza kwako, hakuna tiba.