Vena ya Jicho Ikiziba Ukiwa Bado Kijana, Chunguza na Damu

Nilikuwa na miaka 34 nilipoamka asubuhi moja nikakuta jicho la kushoto limetandwa na kitu kama moshi, bila maumivu wala wekundu. Nilipolifumba la kulia na kutazama saa ya ukutani, niliona ukingo wake tu, tarakimu zote zimemezwa. Nilisubiri siku mbili nikidhani ni uchovu, nami nazijutia siku hizo, kwa kuwa kupungukiwa ghafla na uwezo wa kuona ni dharura hata pasipo maumivu.

Daktari wa macho alikuta vena kuu ya retina (mshipa unaorudisha damu kutoka kwenye utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) imeziba na sehemu ya katikati ya retina imevimba, akanianzishia sindano za ndani ya jicho za kupunguza uvimbe. Hata hivyo, tatizo hili huwapata zaidi waliovuka miaka 50, wenye presha, kisukari au glakoma, na mimi sikuwa na hata moja kati ya hayo. Nilichokuwa nacho ni mimba mbili zilizoharibika, moja ikiwa na wiki 14. Sikuulizwa, niliitaja habari hiyo mwenyewe, naye akaweka kalamu chini na kuniandikia vipimo vya damu.

Vipimo hivyo hutafuta kingamwili ambazo, badala ya kupambana na maradhi, huifanya damu igande ovyo, na pia huweza kuharibu mimba. Ni vitatu: lupasi antikoagulanti, kingamwili za kadiolipini na za beta-2 glaikoproteini. Kingamwili zikionekana, sharti vipimo virudiwe baada ya wiki 12 au zaidi, maana hata maambukizi ya kawaida huweza kuzipandisha kwa muda. Vyangu vilirudi chanya vyote, mara zote mbili, nikaambiwa nina ugonjwa uitwao antiphospholipid syndrome (APS).

Sasa natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na INR yangu, yaani kipimo cha kasi ya damu kuganda, hutakiwa kukaa kati ya 2 na 3. Mboga za majani, ambazo vitamini K yake hupunguza nguvu ya warfarini, sikuziacha. Nala kiasi kilekile kila wiki, kwa sababu kinachovuruga kipimo ni mabadiliko ya ghafla. Sinunui dawa ya maumivu bila kuuliza. Ukishawishiwa kuhamia vidonge vipya kama rivaroksabani visivyohitaji kupimwa INR, mkumbushe daktari iwapo vipimo vyako vitatu ni chanya, kwani kwa wagonjwa wa aina yetu warfarini imeonekana kuzuia mabonge ya damu vizuri zaidi. Na dada unayetaka kushika mimba, zungumza na daktari mapema, kwa kuwa warfarini humdhuru mtoto tumboni na sindano za heparini ndizo huchukua nafasi yake.